Uchambuzi wa kisa: springi iliyopinda kabla nati ya katikati haijaguswa

## Usuli

Gari ni dogo, la Kijapani, la milango mitano, uzito wake kama tani moja, na limetumika miaka mingi katika mji wa pwani. Mwenye gari ni mfanyakazi wa ofisini anayejua kubadilisha pedi za breki, plagi na fani belti bila kusimamiwa. Msaidizi wake ni mjomba wake, dereva mstaafu wa malori. Wawili hawa wanaitana "anko", kila mmoja kwa mwenzake.

Dalili zilikuwa wazi. Shokapu ya mbele kushoto ilikuwa imelowa mafuta hadi chini, na gari likivuka tuta lilidunda mara tatu au nne kabla ya kutulia. Springi ya upande huohuo ilikuwa imemeguka pete ya mwisho ya chini. Hili ni la kawaida pwani. Mchanga na maji ya chumvi hutuama kwenye kikombe cha chini, husaga rangi ya springi, kutu inaingia, na siku moja kipande cha vidole viwili kinakatika chenyewe.

Waliamua kubadilisha shokapu zote mbili za mbele, springi zote mbili na maunti zake (vishikio vya raba vya juu vinavyofunga shokapu kwenye bodi), nyumbani, siku ya mapumziko. Kubadilisha jozi ulikuwa uamuzi sahihi. Springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulalisha gari, na usukani huanza kuvuta.

## Kwa nini kazi hii ni ya hatari

Mbele ya magari mengi madogo, shokapu na springi ni kitu kimoja. Springi imezunguka shokapu, chini imekalia kikombe kilichochomelewa kwenye mwili wa shokapu, juu imebanwa na kikombe kingine pamoja na maunti ya raba. Kinachoshikilia mkusanyiko huo wote ni nati moja tu, iliyo katikati juu, kwenye ncha ya fimbo ya shokapu. Kuizunguka kuna nati tatu ndogo, na hizo tatu ndizo zinazofunga maunti kwenye bodi ya gari.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Mtu anafungua boneti, anaona nati kubwa katikati na tatu ndogo pembeni, anadhani zote ni za kushikilia shokapu kwenye gari, anaanza na ile kubwa. Hata shokapu ikiwa imenyooka hadi mwisho, springi ndani yake bado imebanwa sentimita kadhaa. Nati ile ikitoka, nguvu yote inatoka nayo.

Tufanye hesabu. Chukua springi yenye ugumu wa newtoni 20 kwa kila milimita, ambao ni wa kawaida kwa gari dogo. Ukiikandamiza kwa kompresa (kifaa cha kubania springi) sentimita 15 kutoka urefu wake wa asili, inasukuma kwa newtoni 3,000, yaani sawa na mzigo wa kilo 300 hivi. Nishati iliyojificha humo ni kama jouli 225, sawa na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka karibu nusu mita. Tofauti ni kwamba nishati hii haisukumi kilo 50. Inasukuma maunti na vyuma vyenye uzito wa kilo mbili au tatu, kwa hiyo vinaondoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na uso wa fundi mara nyingi uko pale pale juu yake.

## Vifaa walivyokuwa navyo

Jeki ya tairi ya gari lenyewe, jeki ya chupa ya kuazima, stendi mbili, soketi na spana za pete, spana za alen (za pembe sita, zinazoingia ndani ya tundu), brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na kompresa ya springi ya kuazima kwa jirani. Kompresa hiyo ni ya aina ya fimbo mbili. Kila fimbo ina uzi mrefu, na kila mwisho una kulabu ya kushika pete ya springi. Kwa kawaida kila kulabu huwa na pini inayopita mbele ya pete ili springi isiteleze nje. Kwenye kompresa hii pini moja kati ya nne haikuwepo, na midomo ya kulabu mbili ilikuwa imesagika, laini na yenye kung'aa kwa ndani. Mjomba aliliona hilo mapema akasema, "Anko, hii imeshika springi nyingi mpaka imechoka." Waliendelea nayo hata hivyo.

## Mfuatano wa kazi

### Kutoa shokapu kwenye gari

Sehemu hii ilikwenda vizuri, na inafaa kuielezea kwa ukamilifu kwa sababu wengi huiharibu.

Gari liliegeshwa juu ya sakafu ya zege iliyo sawa, si juu ya mchanga, hendibreki ikavutwa, gia ikawekwa P, na tairi za nyuma zikawekewa mawe mbele na nyuma. Nati za tairi zililegezwa nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Kisha waliinua upande mmoja, wakaweka stendi kwenye sehemu nene ya chasisi, wakainua wa pili wakaweka ya pili. Kuinua pande zote mbili kulikuwa na sababu. Ukiinua upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza, inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona, inabaki imejisokota, na linki yake (kiungo chake na shokapu) ikifunguliwa inaruka au inakataa kutoka.

Tairi zikatolewa na kusukumwa chini ya chasisi kama kinga ya ziada. Hapo wakafungua bolti ya kishikio cha hozi ya breki na cha waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge wakati wa breki) kwenye mwili wa shokapu. Nati ya linki ya stabilaiza ilikuwa imeshikwa na kutu na ilizunguka pamoja na kichwa chake. Waliingiza spana ya alen kwenye tundu la ncha ya bolti kuizuia, wakazungusha nati kwa spana ya pete. Mafuta ya kulegeza kutu yalikuwa yamepakwa usiku uliotangulia, baada ya nyuzi kusafishwa kwa brashi ya waya. Bila hilo tundu la alen lingechanika.

Kabla ya kufungua bolti mbili kubwa zinazofunga shokapu kwenye chuma kinachobeba habu (sehemu inayofungiwa tairi), walichora mstari wa rangi nyeupe kuzunguka vichwa vyake na ukingo wa shokapu. Matundu hayo huwa na nafasi ndogo ya kucheza, na nafasi hiyo ndiyo inayoamua tairi isimame wima au ilale. Nati zilitolewa hadi nyuzi chache za mwisho, bolti zikagongwa nati zikiwa bado juu yake ili ncha isivimbe. Habu ilifungwa kwa waya mnene kwenye chasisi. Ukiiacha ining'inie inavuta hozi ya breki, na ekseli inaweza kuchomoka kwenye gia boksi kwa ndani.

Mwisho kabisa zikaja nati tatu ndogo za juu, soketi namba 14. Mwenye gari alifungua, mjomba akashika shokapu kutoka chini. Nati ya katikati haikuguswa.

### Kubana springi

Shokapu ililazwa sakafuni juu ya kapeti kuukuu, upande wa maunti ukielekezwa kwenye ukuta wa uzio, na ubao mnene ukasimamishwa kati yake na ukuta. Fimbo mbili za kompresa ziliwekwa pande mbili zinazotazamana. Walizungusha kwa mkono hadi kulabu zikashika, halafu kwa spana, mizunguko miwili upande huu, miwili upande ule.

Kosa la kwanza lilikuwa idadi ya pete. Kulabu zilishika pete tatu tu za katikati kwa sababu fimbo zilionekana fupi. Kadiri unavyoshika pete chache, ndivyo kila pete inavyolazimika kujibana zaidi, na pete zinagusana kabla springi haijalegea kwenye vikombe.

Kosa la pili lilitokea polepole kiasi kwamba hawakuliona mapema. Springi imesokotwa kwa mshazari, kwa hiyo kulabu inayobanwa hupenda kuteleza kufuata mteremko wa pete. Kulabu ile isiyo na pini, tena yenye mdomo laini, ilianza kutembea. Fimbo mbili zilizoanza zikitazamana zikasogeleana, na springi ikaanza kupinda kama ndizi: upande wenye fimbo pete zimegusana, upande wa pili zimeachana kabisa. Maunti ikainama.

Ilisikika "tik" ndogo ya chuma. Mwenye gari akataka kuongeza nusu mzunguko upande uliolegea ili springi inyooke. Mjomba akaweka mkono hewani: "Acha anko. Usiguse."

## Maamuzi na sababu zake

Hapo palikuwa na njia nne mezani.

Ya kwanza ni kuongeza upande uliolegea. Ilikataliwa kwa sababu ungeongeza nguvu kwenye springi ambayo tayari inataka kuchomoka pembeni. Springi iliyopinda hainyooshwi kwa kukazwa.

Ya pili ilikuwa kuisukuma kulabu irudi mahali pake kwa nyundo. Kugonga kulabu iliyobeba mamia ya kilo ni njia ya haraka ya kuipeleka usoni kwa mtu.

Ya tatu, iliyopendekezwa na kijana aliyekuwa akipita, ilikuwa kuifunga springi kwa waya wa kufungia nondo na kufungua nati ya katikati hivyohivyo. Waya huo unaonekana mwingi ukiuzungusha mara nyingi, lakini mzigo haugawanyiki sawa kwa kila mzunguko. Wa kwanza kukaza unabeba karibu wote, unakatika, kisha unaofuata.

Ya nne ni kurudi nyuma. Hiyo ndiyo waliyoichagua, na iliwezekana kwa sababu moja tu: nati ya katikati ilikuwa bado imekaza. Springi ilikuwa bado imefungwa kati ya vikombe vyake viwili. Kilichoweza kuruka ni kulabu, si springi nzima.

Kurudi kulifanyika hivi. Mnyororo ulipitishwa ndani ya pete za springi na kuzunguka mwili wa shokapu, ukafungwa kwa kufuli. Watoto na yule kijana waliondolewa uani. Mjomba alikaa upande, kichwa nyuma ya bega la shokapu, wala si kwenye mstari wa fimbo yoyote, akalegeza kwa spana yenye mpini mrefu. Alianza na fimbo iliyobeba zaidi, robo mzunguko, kisha ya pili robo, kisha ya kwanza tena. Ilipobaki nguvu ndogo, kulabu isiyo na pini ilichomoka, ikagonga ubao na kuacha alama yenye kina cha kucha. Ubao ulikuwa umesimamishwa mahali pake, na hakuna aliyeguswa.

Uamuzi uliofuata ulikuwa kutorudia kwa kompresa ileile. Walibeba shokapu zote mbili, pamoja na vipuri vipya, kwenda gereji yenye mashine ya kubania springi iliyofungwa ukutani, ambayo hushika springi kwa sahani mbili badala ya kulabu. Kazi yote ya kutoa na kurudisha kwenye gari ilibaki yao.

## Matokeo

Gereji ilibana, ikabadilisha na kufunga zote mbili kwa muda mfupi. Shokapu zilirudishwa kwenye gari kwa mpangilio wa kinyume, bolti kubwa zikarejeshwa kwenye alama nyeupe, nati za tairi zikakazwa gari likiwa chini. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka Nm 103 (newtonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye nati za tairi, nguvu inayopatikana ukisukuma kama kilo 42 kwenye mwisho wa spana ya sentimita 25. Gari lilitulia kwenye matuta.

Lakini usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, upande wa kushoto ulitoa mlio: "kok", kimya, "kok". Siku ya pili walipima. Mmoja alizungusha usukani taratibu, mwingine akaweka kiganja wazi nje ya springi, bila kuingiza vidole kati ya pete. Springi ilikuwa inakataa kuzunguka, inajisokota, halafu inaruka kwa mpigo. Walipomulika kikombe cha chini waliona ncha ya springi imesimama kama vidole viwili kabla ya kituo chake, yaani kizuizi cha kwenye kikombe ambacho ncha hutakiwa kukigusa. Alama ya OUT iliyogongwa kwenye kikombe cha juu, ambayo kwenye Toyota nyingi hutakiwa kutazama nje ya gari, ilikuwa imegeukia mbele.

Shokapu ilitolewa tena, ikarudishwa gereji, ikabanwa, ikapangwa upya. Mlio ukaisha. Baada ya hapo gari likapelekwa kufanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa mwelekeo wa tairi. Alama nyeupe zilikuwa zimesaidia, tairi zilikuwa karibu na sawa, ila si sawa kabisa. Hatua hii hairukwi hata kama gari linaonekana kwenda mbele bila kuvuta.

## Uchambuzi

Mpangilio wa nati ndio uliowaokoa. Watu hawa walifanya makosa mawili makubwa kwenye kompresa na bado walitoka salama, kwa sababu hawakugusa nati ya katikati kabla ya wakati wake. Kigezo cha wakati huo hakitegemei saa wala idadi ya mizunguko ya kompresa. Ni springi yenyewe: shika kwa mkono, izungushe. Ikizunguka ndani ya vikombe vyake na kuacha upenyo juu au chini, nati haina mzigo tena. Ikiwa imekaza upande wowote, hata kidogo, nati haiguswi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa, na kingetosha kuzuia ajali nyingi za kazi hii.

Mafundi wengine hupenda kuvunja ukaidi wa nati ya katikati shokapu ikiwa bado kwenye gari, ili isisumbue baadaye. Inakubalika kwa robo mzunguko tu, gari likiwa chini na nati tatu za pembeni zimekaza. Kwa anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza ni bora aiache kabisa, maana robo hugeuka mzunguko, na mzunguko hugeuka mitatu.

Kompresa ilishindwa kabla ya kazi kuanza. Pini iliyokosekana na midomo iliyosagika vilionekana, vikatajwa kwa sauti, na kazi ikaendelea. Hapa ndipo kisa kilipoharibikia. Kifaa cha kuazima hukaguliwa kikiwa mkononi: pini zote nne zipo na zinaingia hadi mwisho, midomo ya kulabu ina ukingo, fimbo zimenyooka zikiviringishwa juu ya kioo au meza, nyuzi ni safi na zimepakwa grisi. Uzi mkavu chini ya mzigo hula chuma, na ukishalika unaweza kukwama au kuachia katikati ya kazi. Kimoja kikikosekana, kompresa hairudi kwenye springi.

Kushika pete chache. Kwa springi ya kawaida yenye pete sita au saba, kulabu zinapaswa kushika pete nne au tano, na fimbo zitazamane kikamilifu. Ukifika kwenye mzigo, acha mizunguko miwili, nenda nusu kwa nusu, na kila baada ya hatua tazama springi kutoka mwisho wake. Fimbo zikianza kusogeleana hata kwa upana wa kidole, simama na ulegeze. Nyumbani ni rahisi kuona upande wako tu na kusahau wa chini. Kuilaza shokapu juu ya vipande viwili vya mbao, ili uone pande zote, kunasaidia zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Impakti. Kwenye gereji nati ya katikati ilifungwa kwa impakti (mashine inayozungusha nati kwa mapigo ya haraka), na hicho ndicho chanzo kinachoelekea zaidi cha mlio. Impakti inapogonga, fimbo ya shokapu inazunguka, maunti na kikombe cha juu vinazunguka nayo, na mpangilio uliowekwa kwa mkono unapotea. Pia hutafuna sili ya shokapu mpya kabla haijatembea hata kilomita moja. Nati hiyo ni ya spana ya pete, na alen juu ya ncha ya fimbo kuizuia isizunguke. Kwenye kompresa ya fimbo mbili impakti ni mbaya zaidi, kwa sababu inakaza upande mmoja haraka kuliko jicho linavyofuatilia, na inapasha moto nyuzi.

Ukaguzi kabla ya kuachia kompresa. Hili halikufanyika mara ya kwanza, na liligharimu siku nzima. Kabla ya kulegeza, hakikisha ncha ya chini ya springi imegusa kituo chake, alama ya kikombe cha juu iko mahali pake, beringi ya maunti inazunguka laini kwa vidole, na raba ya kuzuia kugonga pamoja na kifuniko cha vumbi viko kwenye fimbo. Kompresa ikiachiwa nusu, kagua tena ncha ya chini. Shokapu mpya nayo isimamishwe wima na kusukumwa juu na chini mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia kwenye mafuta wakati ikiwa imelala stoo itoke.

Kugawa kazi kulifanya kazi. Kutoa na kurudisha shokapu ni kazi ya spana na subira, na inafaa nyumbani. Kubana springi ni kazi ya muda mfupi yenye hatari kubwa, na gereji nyingi hukubali kuifanya pekee yake ukiwapelekea shokapu mkononi. Ukienda nazo, simama pale uangalie alama ya kikombe cha juu kabla fundi hajaachia mashine.

Springi za nyuma zina habari tofauti. Kwenye magari madogo ambayo springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu, mara nyingi kompresa haihitajiki. Gari likiwa juu ya stendi, jeki inawekwa chini ya ekseli, bolti za chini za shokapu za pande zote mbili zinatolewa, ekseli inashushwa polepole huku mmoja akitazama hozi za breki zisivutike, na springi inalegea hadi kutoka kwa mkono. Kabla ya kuivuta, itikise. Ikiwa bado imekaza, ekseli haijashuka vya kutosha, na mkono hauingii kati yake na chasisi.